Karata Si Shimo la Dhahabu

Mjukuu wangu Amani,

Naona haya kukuita mjukuu wakati umenizidi miaka miwili, lakini bibi yako ni dada yangu, naye amesema nikujibu mimi. Huku Kasongo tu wazima, na mpunga umevunwa.

Unauliza kama huko machimboni Salamabila uweke pesa ya mahari kwenye dau la jozi, lile la kubahatisha kwamba karata zako mbili za kwanza zitalingana, pembeni ya mchezo wa karata wa ishirini na moja. Kaka yangu Musafiri, aliyecheza dau hilohilo, aliniambia nikiwa bado shuleni: "Jozi iko karibu kutoka. Ni kama shimo, ukichimba sana unafikia dhahabu."

Niliogopa kubisha. Nikampa karata moja kati ya hamsini na mbili, nikahesabu zilizobaki: hamsini na moja, na tatu tu ndizo zinazolingana na yake. Yaani jozi hutoka kama mara moja katika kumi na saba, na dau hulipa mara kumi tu. Kisha nikazichanganya upya.

"Kaka, shimo limefukiwa. Kila mara unaanza juu."

"Mutoto wa shule, we!" Akacheka, akarudi kwenye meza ya kamari na mahari yake. Hajaoa mpaka leo.

Jana mchumba wako aliniuliza utarudi lini. Ndipo nikaketi kukuandikia.

Bibi yako mdogo,
Riziki