Jibu Nililolifuata Kiwandani

Barranquilla,
Mei 1994

Dada yangu mpenzi Edelmira,

Pokea salamu zangu za mapenzi, wewe na shemeji Nicanor. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Maracaibo, na maumivu yako ya mgongo yamepungua tangu ulipoachana na kile kitanda cha chuma. Huku nyumbani hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kila mvua zikianza, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Anasema nikuandikie kwamba jibini uliyomtumia ilifika salama, na kwamba aliila peke yake bila aibu.

Najua utashangaa kupata barua ndefu kutoka kwangu, mimi ninayekutumia mistari miwili nyuma ya kadi ya Krismasi. Ningeweza kukupigia simu kutoka dukani kwa don Eudoro, lakini unalijua duka lile. Ukizungumza pale mtaa mzima unasikia, na asiyesikia anasimuliwa. Haya nataka uyasome ukiwa umeketi, tena peke yako kwanza.

Mama alikwambia kwamba niliitwa kwenye usaili kule kiwanda cha sabuni, kazi ya karani wa ghala. Yaliyofuata hakukwambia, kwa sababu anaona haya kwa niaba yangu. Mimi sioni haya yoyote, kwa hiyo nakusimulia.

Nilikwenda mara tu baada ya kanivali, nimevaa ile blauzi yako ya kola nyeupe. Aliyenisaili ni Daktari Insignares, mkuu wa wafanyakazi, ambaye anaitwa daktari kwa sababu ya tai tu, hajapata kumtibu hata paka. Edelmira, nilifanya vizuri. Kila alichouliza kuhusu kupokea mzigo, kuupanga na kuukinga na unyevu, nilimjibu kama mtu anayeulizwa jina lake. Miaka yote ile kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Bi Betsabé sikuwa nauza misumari tu. Mwishoni akasimama, akanipa mkono, akaniuliza kama naweza kuanza mara nitakapoitwa. Nikasema naweza. Akaniambia, "Basi usikae mbali na simu, binti. Tutakupigia wiki hii."

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kumuaga Bi Betsabé. Alinuna, kisha akanikumbatia, kisha akamwajiri msichana mwingine kabla sijamaliza hata kukusanya vitu vyangu.

Namba niliyoiacha kiwandani ni ile ya duka, na don Eudoro akalichukua jambo hili kama lake. Mtu akishika simu akianza maneno matamu, yeye anagonga kaunta kwa kisu cha jibini na kusema, "Punguza mahaba, sema shida yako. Binti wa watu anangojea kiwanda." Hata mke wake alikatiziwa maongezi na dada yake wa Cartagena, na wakanuniana siku nzima. Nami nilikaa pale kwenye kreti la soda tangu asubuhi, simu ikilia nanyanyuka, kumbe ni mtu anauliza kama mchele umefika.

Wiki ikaisha. Kwaresima ikapita, Pasaka ikapita. Nilipopiga mimi, katibu muhtasi aliniambia kwa sauti ya asali kwamba daktari yuko kwenye mkutano. Nikipiga kesho yake, yuko kwenye mkutano. Yule Tulia muuza soseji wa kona alikuwa amefurahi kupata kitu cha kusema. Aliniuliza mbele ya watu, "Ledys, hao hawajakupigia bado? Labda simu imewateleza, si unajua ni watu wa sabuni." Nikamwambia ikiteleza iangukie kwake, maana sabuni anaihitaji yeye kuliko mimi. Watu walicheka sana, Tulia mwenyewe akacheka na kunipa kipande cha soseji bure. Lakini nilipofika nyumbani kile kipande hakikupita kooni.

Nataka uelewe kimya kile kinavyomtenda mtu. Mwanzo nilisema wana shughuli nyingi. Halafu nikaanza kuyapitia maneno yangu moja moja, kutafuta lile lililowaudhi. Labda nilicheka mahali si pake. Labda nilimshika mkono kwa nguvu mno. Likatoka tangazo la kazi kwenye ghala la dawa kule bandarini, na sikwenda, kwa sababu je, kiwanda kikipiga nikiwa huko? Tangazo lile nililisoma mara nyingi nikiwa nimekaa palepale kwenye kreti. Hapo ndipo nilipokasirika. Kukosa kazi si jambo geni kwetu. Nilichokasirikia ni kufungwa kamba na mtu ambaye hata hakumbuki kwamba ameishika.

Basi nikaenda. Sikujipamba, nilivaa viatu vya kutembelea tu. Katibu muhtasi akaniambia daktari yuko kwenye mkutano, nami nikamwambia vizuri, mikutano huwa inaisha, nitamngoja. Nikaketi kwenye benchi la mapokezi na kufumbata mkoba wangu. Watu walipita, wakanitazama, wakazoea. Alasiri mbingu zikafunguka. Wewe unazijua mvua zetu: punde barabara ikawa mto, maji ya kahawia yanabeba mapipa na matawi, gari haliendi, mtu havuki. Hakuna aliyeweza kutoka kiwandani mpaka maji yapungue.

Ndipo Daktari Insignares akateremka ngazi, mwavuli mkononi, akafika mlangoni, akautazama ule mto, akageuka, akaniona.

"Wewe ni yule wa ghala," akasema.

"Ledys Altamar, daktari. Wa ghala."

Akaanza kunieleza kwamba suala langu bado linafikiriwa, kwamba hatua ni nyingi, nisiwe na wasiwasi. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Daktari, sikuja kuomba kazi. Kazi niliiomba siku ile. Leo nimekuja kuchukua jibu langu. Kama ni hapana, niambie hapana, niende zangu."

"Si rahisi hivyo, binti. Mambo yanategemea Bogotá."

"Neno lenyewe ni moja tu. Nikusaidie kulitamka?"

Katibu muhtasi akajifanya anakohoa. Daktari akatazama nje tena, na mto haukuwa na huruma naye. Akaja akaketi kwenye benchi, kando yangu, mwavuli katikati ya magoti. Hapo nikaona ni mzee kuliko nilivyodhani. Akanieleza polepole kwamba makao makuu kule Bogotá walisimamisha ajira zote tangu mwezi wa Januari, na wakamwagiza aendelee kuwasaili watu kama kawaida, ili waliomo ndani wasishtuke. Akasema kati ya wote aliowasaili mwaka huu mimi ndiye ningemfaa zaidi, na ndiyo maana kila aliposikia ni mimi niliyepiga, aliona aibu kupokea. Nikamwambia aibu yake amenilipisha mimi.

Akauweka mwavuli sakafuni. Kisha akasema, "Hapana, Ledys. Hakuna kazi."

"Asante, daktari," nikamwambia, nikampa mkono.

Utanicheka, lakini nilijisikia kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana. Tulikaa pale watu watatu tukingojea maji. Katibu muhtasi akatoa mihogo yake ya kukaanga iliyojazwa nyama, tukagawana, na safari hii chakula kilipita kooni bila shida.

Kesho yake asubuhi nilikwenda bandarini, kwenye ghala la dawa. Nafasi ya kwenye tangazo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, lakini palikuwa na nyingine, ya chini kidogo. Aliyenisaili ni mama mmoja mnene mwenye miwani shingoni. Tulipomaliza nikamuuliza atanijibu siku gani, na kama ni hapana, je, ataniambia pia? Akanitazama kwa muda, akacheka, akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Akanitajia Ijumaa, na Ijumaa simu ikalia. Don Eudoro alipokea mwenyewe, akasimama wima kama anaongea na askofu. Nimeshaanza kazi. Ujira ni mdogo kuliko wa sabuni na kuna panya wakubwa, lakini nipo, na wanajua nipo.

Sasa, dada, nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ile, tukingojea maji yapungue, nilimuuliza daktari swali jingine ambalo hapo juu sikulitaja. Mlipokuja Krismasi, Nicanor aliketi kwenye kiti kilekile nilichoketi mimi, akaambiwa kazi ya ufundi wa mitambo ni yake, afungashe tu vitu vyake, wangempigia kabla ya katikati ya mwaka. Nikamtaja kwa jina. Daktari alimkumbuka mara moja, "yule mrefu, mwenye sauti ya chini." Nikamuuliza, na yeye je? Akatikisa kichwa. Nikasema nataka nilisikie. Akasema, "Na yeye ni hapana." Nikamuuliza kama atampigia simu kumwambia. Akautazama mwavuli wake. Nikamwambia basi nitampelekea mimi.

Hawatapiga, Edelmira. Hakuna kazi, na haikuwepo tangu Januari.

Mama hataki ujue. Ameshaitoa cherehani kwenye chumba cha nyuma, ametundika mapazia mapya kwa ajili yenu, na nilipomweleza aliniambia, "Waache, huenda wakapiga. Kwa nini uwaharibie furaha?" Nililala na maneno yake siku kadhaa. Lakini najua Nicanor amekwisha kumuaga mwenye gereji kwa mwisho wa Juni, na wewe umekwisha kumwahidi jirani friji. Nenda naye gereji kesho asubuhi, kabla yule bwana hajatafuta mtu mwingine kama alivyofanya Bi Betsabé. Baada ya hapo mkitaka kurudi, rudini, chumba ni chenu, na mimi nitachangia chakula mpaka mpate njia. Ila mje mkijua mnachokujia, msije kwa ajili ya simu.

Mwambie Nicanor kwamba daktari alisema ni fundi hasa. Sikuliongeza mimi ili kumpoza, alilisema mwenyewe bila kuulizwa.

Ukinikasirikia nitaelewa. Ningekasirika pia. Lakini usininyamazie, niandikie hata kama ni mstari mmoja wa matusi.

Mama anakuombea kila jioni na anakutumia baraka zake, hajui nilichoandika. Don Eudoro anasalimia, na Tulia anauliza lini utakuja kula soseji zake, ambazo anasema siku hizi anazitengeneza kwa mikono safi. Mungu awalinde wewe na mume wako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Ledys