Neno la Kiingereza Uliloniachia

Baba Zena,

Wenzako walirudi kutoka vita vya Abisinia na mablanketi. Wewe ulirudi na neno moja la Kiingereza, hold on, ukalitumia hapa Kasongo kama chumvi.

Tulipovuka Lualaba kule Nyangwe, mtumbwi ukayumba, ukanipigia kelele hold on. Nikashika ubao mpaka kucha zikauma. Nilipokuomba kitambaa cha Idi, hold on. Nikajua ni kungoja. Siku ya uchungu wa kumzaa Zena ulisimama nyuma ya mlango ukilirudiarudia, maana yake nivumilie. Mama yako, aliyekuwa ananishika mgongo, alichoka nawe.

"Weye, unaambia nani angojee? Mutoto iko njiani. Enda ulete maji."

Nilicheka katikati ya maumivu. Deni la kicheko hicho sijakulipa.

Kisha ukapanda lori la kwenda ziwani, uvuke mpaka Kigoma kutafuta kazi kwa Waingereza. Nikakuuliza utarudi lini. Ukalitaja lile neno lako, lori likaondoka. Nimeshika, nimengoja, nimevumilia. Yote matatu nimeyafanya vizuri, na kitanda kimebaki kikubwa vilevile.

Unajua desturi ya hapa mume akipotea. Wajomba zangu walimwendea mwalimu wa msikiti, naye akawa anatangaza jina lako kila baada ya sala ya Ijumaa, mwenye habari aseme. Nilikaa upande wa wanawake nikiomba pasitokee mtu. Akatokea muuza samaki. Alikuona Ujiji, umenenepa, una duka na mke. Akaongeza kwamba unamsalimu kila mtu wa Kasongo. Wanawake wote wakaniangalia mimi, yule ambaye salamu hazikumfikia.

Jana mwalimu alikuja nyumbani na wajomba. Alisema sheria inaniruhusu kungoja zaidi nikitaka, kwa kuwa u hai.

"Unasema je, mama?"

"Munifungue hii ndoa."

Sauti yangu haikutetemeka. Ilingoja mpaka wakaondoka. Asubuhi Zena aliniona nakunja nguo zako ili zipelekwe kwa dada yako Wamaza, akauliza kama unakuja kuzichukua. Nilimwambia hapana, akanisaidia kukunja.

Usiandike. Ila ukikutana tena na mtu wa Kasongo, muulize Zena ana urefu gani sasa.

Mimi,
mama yake Zena