Majina Kumi na Manne

Kyerwa,
9 Februari 2025

Mpendwa Dada Placidia,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na sasa unaweza kusimama sokoni Murongo bila kuegemea kitu. Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, ingawa bado anakataa dawa ya presha siku akijisikia vyema. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya upande wa bondeni. Tumeng'oa mashina sita na kuyafukia. Kahawa imebeba kiasi.

Najua utashangaa kuletewa barua na mtu wa bodaboda wakati simu ninayo. Kwenye simu ungeniuliza jambo katikati, nami ningepata pa kukimbilia.

Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Utakumbuka shule yetu ilivyokuwa: miaka mitatu mfululizo mkiani mwa wilaya, mwalimu mmoja wa fizikia kwa wanafunzi mia nne, na boma la maabara lililoishia kwenye lenta, bila paa, majani yakiota ndani. Ruzuku ya serikali huja kwa idadi ya wanafunzi, ikinunua chaki na karatasi za mitihani inakuwa imekwisha. Safari hii tumepanda hadi nafasi ya tisa. Hakuna hata mtoto mmoja aliyepata sifuri. Wiki iliyopita halmashauri ilileta mabati na saruji ya kumalizia maabara, na tumeahidiwa walimu wawili wa sayansi. Kwenye kikao cha wazazi nilisimamishwa mbele kama mwalimu wa taaluma, nikapigiwa makofi, nikapewa cheti chenye fremu.

Siku mbili baadaye alikuja ofisini Manirakiza, mtoto wa Mzee Niyonkuru anayepalilia mashamba ya watu. Alisoma darasa moja na Adela wetu, na jina lake nalo lilikosekana kwenye orodha ya watahiniwa mwaka jana, kama la Adela. Yeye hakukaa nyumbani. Alibeba magunia ya kahawa kwa wanunuzi wa Omurushaka, akajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafanya mtihani huko. Amepata daraja la tatu. Alikuja kuniuliza masomo gani yatamfaa kidato cha tano. Alipoinuka akasema, "Mwalimu, asante kwa kunifundisha." Mkuu wa shule, Mwalimu Rwegasira, aliposikia alisema ni hasara, mtoto yule angetuongezea wastani.

Dada, mwaka jana nilikuambia mtandao ulimeza majina kumi na manne wakati wa usajili. Ulinijibu kwamba mipango ni ya Mungu, ukamchukua Adela kutoka huku kwangu akusaidie kuuza unga. Wazazi wengine nao walikubali, maana mtandao huku hulaumiwa kwa mengi.

Mtandao haukumeza jina lolote. Januari ile Mkuu aliniita akasema hawezi kuokoa shule na watoto wote kwa pamoja, akataka nimpe majina ya wasio na dalili ya kufaulu. Hakunitajia mtu. Nilichukua wastani wa mtihani wa kidato cha tatu, nikapiga mstari kwenye thelathini. Adela alikuwa na ishirini na tisa. Nilikaa na jina lake tangu asubuhi hadi kengele ya chakula. Nilijua aliumwa malaria wiki ile ya mtihani. Mimi ndiye niliyempeleka zahanati. Lakini niliwaza kwamba nikimwacha nje ya orodha hiyo, walimu watasema nimemlinda mtoto wa dada yangu. Nikaliandika la nane kwenye orodha, na nikajiona mtu wa haki. Jioni tulikula pamoja, akinieleza mada anazotaka kuzirudia kabla ya mtihani. Nilimjibu vizuri tu.

Ijumaa nimepeleka barua ofisi ya elimu wilayani, yenye majina yote kumi na manne na sahihi yangu. Mkuu aliniomba nisubiri hadi maabara iezekwe. Nilimwambia imeshapokelewa na kugongwa muhuri. Sijui watanifanya nini. Mabati wanaweza kuyapeleka shule nyingine, na watoto waliopo sasa darasani hawana kosa. Hilo nalo nalijua.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea haujafungwa. Maelezo yote nimeyaweka ndani ya bahasha hii, na ada nitalipa mimi. Adela asijisajili kwa sababu nimesema. Ajisajili akitaka mwenyewe. Jumamosi nitakuja Murongo. Ukiona nisifike, nitumie neno, nami nitaelewa.

Ninaomba jambo moja. Msomee barua hii kabla sijafika, yote, usiruke mahali. Ajue kwamba jina lake lilikatwa na mjomba wake, mchana, akiwa na akili timamu, huku akijua kwamba Adela alikuwa mgonjwa wiki ile ya mtihani.

Mama anakusalimu na anakutumia maharage mabichi kwa mtu huyu huyu wa bodaboda. Yeye bado anaulaumu mtandao. Nitamwambia nikirudi kutoka kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Evaristi