Ng'ombe wa Siku ya Mia

Port Vila, Ijumaa

Dada Leimas,

Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na zahanati imeletewa dawa. Hapa nyumbani tu wazima, ila Mama hajala tangu jana.

Jana mkuu wa kodi wa huko kwenu Visiwa vya Solomon aliiambia kamati ya bunge kwamba kampuni inayokata miti juu ya zahanati yako haijawahi kulipa kodi ya faida. Magogo huyauza kwa bei ya kutupa kwa kampuni iliyosajiliwa hapa Vila, nayo huyauza ng'ambo kwa bei kamili. Faida yote huonekana imepatikana hapa, ambako kodi ya mapato haipo. Magogo yenyewe hayagusi hata bandari yetu.

Nilikuwa kazini katika chumba cha habari, nikinakili kutoka redioni. Mkuu huyo alipomtaja mkurugenzi wa kampuni hiyo ya Vila, kalamu ilinisimama: Leitare Kaltapang. Mwenzangu wa kazini Rolina akaangua kicheko, ati mtoto wa tajiri mbona bado anaomba sigara.

Mama! Anayefagia ofisi ya wakili Fenwick!

Nilimkuta jikoni anakuna nazi. Akaniuliza kosa liko wapi. Fenwick ndiye aliyeleta ng'ombe kwenye karamu ya siku ya mia tangu Baba afariki, tulipokuwa hatuna kitu. Alipomwomba atie sahihi, angemkataliaje? Nikamweleza habari za magogo, na za yule mzazi aliyekufia mikononi kwa kukosa dawa ya kuzuia damu. Nazi ikamtoka mkononi. Akasema, kumbe Leimas anatibu watu mikono mitupu kwa kuwa kodi hailipwi, na jina kwenye kampuni ni langu?

Jioni Fenwick alipiga simu, akambembeleza anyamaze: mama, si sisi ni ndugu? Mama akamjibu kwamba ndugu hajifichi nyuma ya ufagio wa ndugu yake.

Lililobaki ni hili. Mama anasema hawezi kumtaja hadharani mtu anayemdai ng'ombe. Ng'ombe tuliye naye ni mmoja, yule dume uliyemwacha kwa ajili ya harusi ya Selwyn. Siandiki kuomba ruhusa, Dada, ameshamfunga kamba. Mwombe mwanao radhi kwa niaba yetu.

Shemeji na watoto wote nawasalimu. Jumatatu asubuhi Mama na chifu watamfikisha dume getini kwa Fenwick. Jumanne saa tatu asubuhi, Mama ataieleza kamati kwa njia ya simu. Fungua redio.

Mdogo wako,
Kalmasei