Prosesa ya Pili

Jumatatu, 14 Julai 2025

Seva! Seva ya kweli, si kompyuta ya kawaida iliyopewa cheo! Wafadhili waliileta mwezi uliopita ikakaa stoo. Leo mimi na Mzee Valerian, mtunza stoo, tumeibeba hadi chumba cha kompyuta tukihema. Prosesa mbili! Karatasi yake inasema hivyo – mbili! Nimeipapasa kama ndama.

Sista Adela, mkuu wa shule, kaja kuiona. Kasema muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Ikifika siku hiyo wasichana wanasoma vitabu kwenye seva, anasaini barua yangu ya ajira. La sivyo anamwita fundi wa Mbeya, na kazi anapewa yeye. Nikajibu: sawa Sista, kesho tu itakuwa tayari. Kesho! Mdomo huu!

Halafu nikampigia mama yangu kijijini Muze, nikamwambia nimeshaajiriwa. Mdomo huu tena.

Jumanne, 15 Julai

Imewaka! Feni zinavuma hadi kidato cha pili wakaja kuchungulia dirishani. Nikachomeka flashi, nikaanza kuinstoli, nikacheza kidogo (mlango nimefunga). Kisha skrini ikasema: hakuna diski.

Eti hakuna! Diski nne, nazigusa kwa mkono! Nimebadili flashi. Nimewasha upya mara sita. Hakuna diski.

Mzee Valerian kapita kuuliza hali. Nikamwamkia, nikamwambia inagoma. Kasema kwa baridi hii hata magoti yake yanagoma. Kaondoka haraka, hata chai hakusubiri.

Jumatano, 16 Julai

Nimempigia Calvin, niliyesoma naye chuo. Kauliza kumbukumbu inasoma ngapi. Nikaangalia: GB thelathini na mbili. Karatasi inasema sitini na nne. Na prosesa? Moja! Calvin kacheka mno. Kasema Jeni, nusu ya mashine yako imelala, na kadi inayoshika diski lazima iko kwenye nusu hiyo. Fungua mfuniko uangalie.

Naogopa kufungua. Ikiharibika mikononi mwangu, nitamwambia nini Sista? Kesho asubuhi, kabla sijapata akili ya kuogopa zaidi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimefungua. Mahali pa prosesa ya pili – patupu! Tundu wazi, linanitazama! Nikapiga ukelele. Kugeuka, Mzee Valerian yuko mlangoni.

"Mwanangu, ipo. Nimeiweka akiba."

AKIBA! Shule hii vitu vikija viwili, kimoja kinaingia stoo. Mafagio, majembe, hata kengele. Ndio utaratibu wa mzee huyu, miaka thelathini, na ni kweli hatujawahi kukosa kengele. Ujanani alikuwa fundi redio. Kwa hiyo seva ilipofika akaifungua, akaona prosesa mbili zinafanana kama mapacha, akatoa moja kwa bisibisi, akaifunga kwenye gazeti na kuifukia ndani ya debe la mbegu ya ulezi. Eti humo unyevu hauingii.

Nilitaka kukasirika. Nimecheka hadi nikakaa sakafuni. Naye kacheka, kisha kafunga mlango. Anastaafu Desemba, kasema. Sista akijua, hatafika Desemba. "Usinitaje, mwanangu."

Tumeifukua. Nzima! Nikapanda bodaboda hadi Katandala kwa fundi simu, nikapata dawa ya kupoza prosesa, nikapaka, nikafunga. Haisomi! Nikaitoa tena, nikamulika na simu – punje moja ya ulezi, imelala kwenye tundu juu ya zile pini nyembamba. Nimeitoa kwa kibano cha nyusi bila kupumua. Hakuna pini iliyopinda!

Prosesa mbili. Sitini na nne. Diski nne! Nimemkumbatia mzee wa watu hadi kofia ikaanguka. Dakika tano baadaye umeme ukakatika. Haukurudi. Sijali! Nacheka peke yangu njiani kama kichaa.

Ijumaa, 18 Julai, saa nne asubuhi

Umeme umerudi! Inainstoli! Asilimia 41! Mzee Valerian kavuta kiti kakaa kando yangu.

Asilimia 58. Sista kaingia na barua yangu, haijasainiwa. Kaleta na fomu ya ripoti. Kuna mstari: chanzo cha tatizo. Kasema nijaze kwanza, anataka kujua ile "kesho" yangu imekuwaje siku nne. Kama ni uzembe, bora nimwambie mwenyewe.

Nimeandika: punje moja ya ulezi.

Si uongo! Sista kasoma. Kavua miwani, kavaa, kasoma tena. Mdomo unamcheza, sijui ni kicheko au ni hasira. Kauliza ulezi umefikaje ndani ya mashine iliyotoka kiwandani. Nikasema subiri Sista, naandika maelezo kamili – ndiyo haya ninayoandika, nionekane nina shughuli!

Asilimia 83. Peni ya Sista iko juu ya barua, haijagusa karatasi. Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko chini ya meza, umeng'ang'ania koti la Mzee Valerian, maana anataka kusimama aseme ni yeye, na mzee huyu ana nguvu