Kigari Kinachorudi Nyuma

Kitindamimba wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Hapa kuku wanataga, na jirani amepaka ukuta wake rangi ya ajabu.

Kile kigari cha umeme nilichopewa na klabu ya gofu nilipostaafu, mota yake ilikuwa imekwama kabisa. Nikaifungulia juu ya meza ya chakula, mama yako akinung'unikia grisi. Nikabadilisha beringi zilizoshika kutu, ikazunguka kama pia. Kumbe nimezikosea nyaya mbili wakati wa kuzirudisha: nikikanyaga kiende mbele, kinarudi nyuma!

Mama yako alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Nilikitengeneza kimfikishe getini, maana miguu yake imegoma. Nikashika spana nirekebishe, akanizuia.

"Baba watoto, kiache hivyo hivyo."

"Sasa utakwendaje kinyumenyume?"

"Nitakuwa nawatazama mnaobaki."

Mwanangu, sielewi. Getini si hapo tu? Daktari alipozungumza naye, mimi niliambiwa nisubiri nje. Wewe, mama yako amekwambia nini?

Nyaya sijazigusa. Njoo.

Baba yako