Kitenge cha Kwenda Baa

Crescent Town, Toronto

Wifi yangu Candide,

Salamu kwako na watoto hapo Montreal. Sisi tupo, ila goti langu na hii baridi havipatani.

Carmel anakuja huko Jumamosi. Eti kuna mechi ya Waayalandi, ule mchezo wa kupiga mpira kwa magongo, halafu yeye na wenzake wazunguke baa mpaka Jumapili. Baa zote ameshazipanga. Nikamwambia, "Wewe bia hata harufu huipendi!" Akacheka, "Ni starehe tu, mama."

Jana nikamkuta anapiga pasi kile kitenge chake cha kuendea harusini. Nani anavaa kitenge baa?

Wifi, kwetu binti hampeleki mwanaume kwa mama kwanza, anampeleka kwa shangazi. Na shangazi yake ni wewe. Juzi nilipomtaja Carmel kwenye simu, mbona ukasema chungu kinaungua, ukakata simu?

Basi kama huyo kijana yupo, mpikie vizuri, asije akatuona wachoyo. Ila akishashiba, muulize: atakaa hapahapa Kanada, au atanichukulia mwanangu kwao Ayalandi? Mimi nimebaki na huyu mmoja.

Usimwambie Carmel kwamba najua.

Wifi yako,
Mama Carmel